Kichwa Mbele Kisimani

Ndugu zangu, mlioko mlangoni pa kanisa sogeeni ndani. Nafasi ipo huku mbele, na anayekaa mbele halipishwi chochote. Watoto, nanyi mnisikilize, maana nitaanza na jambo lenu.

Mnajua nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote. Nilistaafu, lakini watoto wa hapa mtaani hawajaambiwa kwamba nimestaafu. Wiki hii walinijia kibarazani na neno la Kiingereza lililowashinda. Neno lenyewe ni headlong. Kamusi yao iliwaambia ni kufanya jambo kwa haraka, nao hawakuridhika. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, haraka ipi? Mbona haraka zipo nyingi?"

Ni swali zuri. Ipo haraka ya mtu aliyeona wingu jeusi na nguo zake ziko kambani. Ipo haraka ya mama anayesonga ugali huku anasikia sauti za watoto wakirudi shule. Hizo ni haraka za kawaida, na mtu anaweza kwenda mbio namna hiyo huku macho yakiwa wazi. Neno lile ni la haraka nyingine. Mtu akiingia kwenye ugomvi ambao hajui ulianzaje, Waingereza watamsema kwa neno hilo. Akimwona binti leo kituoni na keshokutwa anataka ndoa, watalitumia tena. Akiweka sahihi kwenye karatasi asiyoisoma, vivyo hivyo. Sisi tungesema amekwenda kwa pupa. Lakini pupa yetu ina tamaa ndani yake, na neno lile si lazima liwe na tamaa. Mtu anaweza kwenda hivyo kwa upendo kabisa, machozi yakimtoka.

Nikawaeleza asili yake. Hapo kale neno hilo halikuhusu mwendo. Lilieleza namna mwili ulivyokaa: kichwa kikiwa mbele, kama mtu aliyejikwaa na sasa anaanguka. Baadaye ndipo lilipohamia kwa mtu anayekwenda bila kutazama. Na ukifikiri, lilihamia mahali pake. Anayeanguka kichwa mbele ana kasi kubwa, lakini miguu, ambayo kazi yake ni kupima ardhi, imebaki nyuma inapiga hewa.

Akina mama hamhitaji kamusi kwa jambo hili. Mtoto anayetambaa ukimweka kitandani, atataka kushuka kwa kutanguliza nini? Kichwa. Unamdaka. Unamgeuza tumbo chini, unamvuta kidogo, unamwambia, "Miguu kwanza, mwanangu. Miguu kwanza." Kesho anarudia kichwa, nawe unamgeuza tena. Hadi siku moja unaingia chumbani unamkuta anashuka mwenyewe kinyumenyume, kidole gumba kinapapasa kutafuta sakafu. Hakuna mtu humu ndani ambaye hakufundishwa hivyo. Basi tuliposahau, tulisahau wapi?

Sikilizeni mfano.

Palikuwa na fundi mmoja wa kuchimba visima, katika nchi kavu ambako maji huletwa kwa punda. Alifanya kazi na mdogo wake wa tumbo moja. Wote walikuwa watu wazima, wenye wake na watoto. Mkubwa ndiye aliyeshuka kuchimba, na mdogo ndiye aliyebaki juu kwenye gogo la kuzungushia kamba. Kamba yao ilikuwa moja. Asubuhi ilimshusha mtu. Akifika chini, fundi aliifungua kiunoni na kuifunga kwenye ndoo, ili udongo upande. Jioni ndoo ilifunguliwa, na mtu akafungwa tena.

Na walikuwa na desturi moja. Kabla ya mtu kushuka, walishusha kibatari, ile taa ndogo ya kopo na utambi, ikiwa inawaka. Kikirudi kinawaka, fundi alishuka. Kikirudi kimezimika, hakushuka mtu. Kwa sababu ndani ya mashimo marefu mara nyingine hulala hewa mbaya. Huioni, haina harufu, haikugusi. Inakulegeza tu, unakaa chini kama mtu aliyechoka, na huinuki tena. Mahali ambapo moto haupumui, mtu naye hapumui.

Sasa ndugu hawa walipewa kazi kwa mzee mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake. Si mzee mbaya, naomba mlishike hilo. Alikuwa mtu mkarimu, mcheshi, anayependa watu. Alitaka siku ya harusi wageni wanawe mikono bila kupimiwa maji kwa kikombe. Kisima kilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, ndipo mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo. Ndugu wakafunika mdomo wa kisima kwa mabati na mawe, wakangoja. Mvua ilipokatika, harusi ilikuwa keshokutwa.

Asubuhi hiyo uwanja ulijaa. Wanawake wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu saumu, mapipa ya maji yaliyonunuliwa yamepangwa ukutani. Mke wa fundi naye alikuwapo, amekuja kusaidia. Ndugu wakaondoa mabati. Fundi akachuchumaa, akatoa kibatari na kiberiti.

Mzee akamwona, akaja mbio. "Fundi! Taa? Na jua lote hili? Humo ndani umempoteza nani?"

Mwanamke mmoja kwenye mchele akadakia, "Anamtafuta bwana harusi, maana hata sisi hatujamwona!"

Wanawake wakacheka, kanga zikafunika midomo. Fundi naye akacheka kidogo. Akawasha kiberiti, upepo ukazima. Akawasha kingine, upepo ukazima.

"Fundi wangu," mzee akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza, "kesho wageni wanaanza kushuka. Maji nanunua kwa punda, na yule punda sasa akiniona anaangalia pembeni kama mtu ninayemsumbua. Nakuomba, fanya haraka. Ukinitolea maji leo, nitakubeba mgongoni mbele ya watu."

Ungefanyaje wewe? Mwenye kazi anakuomba kwa upole, uwanja mzima unakutazama, na njiti za kiberiti zinakuaibisha. Fundi akakiweka kibatari juu ya jiwe.

Mdogo wake akasema, "Kaka, taa."

"Si nimetoka humu wiki iliyopita? Mzee wa watu ana harusi. Zungusha."

"Kaka, kimefunikwa siku zote hizi."

"We bwana, leo umekuwa mama mkwe? Zungusha!"

Akazungusha. Fundi akashuka miguu kwanza kama kawaida yake, amekaa kwenye kitanzi cha kamba, sururu mkononi, anapiga mluzi. Akafika chini. Akafungua kamba kiunoni, akafunga ndoo. Ndoo ya kwanza ikapanda imejaa, na udongo wake ulikuwa umelowa. Mzee akauchukua kiganjani, akaukamua, akawaonyesha wanawake. Vigelegele. Ndoo iliyofuata ikapanda nusu. Kisha kamba ikawa kimya.

"Kaka," mdogo akaita. Kimya. "Kaka! Jibu!"

Akalala kifudifudi, akachungulia. Kule chini aliona kofia na bega. Kaka yake alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kama mtu anayesinzia mchana baada ya kula.

Ndugu zangu, hapo ndipo kila mtu uwanjani alipoanza kukimbia.

Wa kwanza kufika alikuwa mke wa fundi. "Shemeji, kuna nini? Mbona haitikii? Shuka! Shuka umtoe!"

Na mdogo wa fundi akafanya nini? Akageuka, akaliendea lile jiwe, akachukua kibatari. Akapiga magoti nyuma ya pipa ambako hapakuwa na upepo, akawasha kiberiti.

"Unawasha taa?" mwanamke akapiga kelele. "Mume wangu anakufa, wewe unawasha taa?"

Wakati huohuo mzee alikuwa ameshavua viatu na shati. Hakungoja kamba. Alijilaza kwenye mdomo wa kisima, akatanguliza mikono na kichwa, anatafuta pa kushika ajiteremshe, kifua chote kimeshaingia ndani. Mdogo wa fundi akaacha taa, akamrukia, akamkamata mkanda wa suruali, akamvuta na kumtupa kwenye lundo la udongo.

"Niachie!" mzee akalia. Alikuwa analia kweli, mtu mzima yule. "Niachie, mimi ndiye niliyemharakisha!"

"Ukiingia hivyo nitakuwa na wawili wa kutoa, mzee, na kamba ni moja. Kaa hapo. Nyie wawili, mshikeni!"

Akakishusha kibatari. Watu wakaona mwanga ukiteremka, unateremka, kisha ukazimika kama umepulizwa na mtu. Ulikuwa haujafika hata nusu ya safari.

Sasa hapa tutulie kidogo, kwa sababu nataka mmwone huyu mtu vizuri. Chini yuko kaka yake, aliyemfundisha kazi. Juu yuko shemeji yake, anamvuta shati. Watu wamemzunguka, kila mmoja ana neno. Na yeye anajua jambo ambalo wao hawalijui: kwamba akishuka sasa, atakaa pembeni ya kaka yake, naye atasinzia.

Akasema, "Leteni maji."

"Maji yapi?"

"Yote. Yale ya harusi. Mwageni ndani, lakini kidogokidogo, yatawanyike, yaanguke kama mvua. Na wewe hapo, nikatie matawi yenye majani mengi."

Mimi si fundi wa visima, msinigeuze kitabu. Lakini naambiwa maji yakianguka kutoka juu huburuta hewa safi kwenda nayo chini, na matawi ukiyafunga kwenye kamba na kuyapandisha na kuyashusha, yanaisukasuka hewa iliyolala. Ndivyo alivyokuwa anafanya. Lakini mke wa fundi alikuwa hajui hayo. Yeye aliona nini? Aliona mumewe amelala shimoni, na mdogo wa mumewe anaamuru amwagiwe maji.

"Unamzamisha!" akasema. "Jamani, anamzamisha! Shemeji, nimekukosea nini? Nimekupikia miaka yote hii. Kumbe unataka kurithi! Unataka nyumba, unataka shamba, sema!"

"Mwoga tu huyo," mtu mmoja akasema nyuma. "Angekuwa kaka yangu mimi, ningekuwa nimeshafika chini."

"Mwageni," akasema mdogo wa fundi.

"Hata machozi hana, mwangalieni!"

"Mwageni."

Akapandisha matawi, akayashusha. Akapandisha, akashusha. Jasho lilimtoka mpaka kamba ikawa inateleza mikononi. Alipoona imetosha, akawasha kibatari tena, akakishusha. Mwanga ukafika pale ulipozimikia mwanzo, ukayumba. Watu wakasogea wachungulie. Ukayumba, ukasimama, ukaendelea kushuka. Ukafika mpaka kwenye kofia ya kaka yake, ukaonyesha sikio lake, unawaka.

Ndipo alipojifunga kamba. Akakaa kwenye kitanzi, akatanguliza miguu, akawaambia, "Zungusheni. Nikivuta kamba, pandisheni kwa nguvu zenu zote." Akapotea chini.

Wakangoja. Kamba ikavutwa. Wanaume wakaliangukia lile gogo, likaanza kulia.

Nasimama hapa. Naona nyuso zenu. Kila mmoja anataka kujua fundi alitoka hai au alitoka maiti. Lakini kabla sijawaambia, niulize. Akitoka hai, mtamwitaje yule mdogo wake? Mtasema ana akili, ana moyo wa simba. Na akitoka maiti? Kuna wenzetu humu tayari walishasema mioyoni, "Angeshuka mapema, huenda angemwahi." Mtu ni yuleyule. Kibatari ni kilekile, maji ni yaleyale. Alipokuwa anapandisha matawi yale alikuwa hajui mwisho wake, kama ninyi msivyoujua sasa hivi. Je, alikuwa anafanya lililo sawa, au hakuwa?

Mnaona? Wengine wetu tungemhukumu naye hajafika juu. Kichwa cha mtu kinaweza kutangulia hata akiwa amekaa kwenye benchi la kanisa.

Haya, nisiwatese. Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa kichwa kilichoinama. Kisha mwili mzima wa fundi, umefungwa kamba kifuani, umelegea kama gunia. Wakamlaza kwenye mkeka uliokuwa wa kuanikia mchele. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Wakarudisha kamba upesi, wakamtoa na mdogo wake, akiwa anayumba, anatapika. Mke wa fundi akampepea mumewe kwa kanga, anamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sisi wengine hatupaswi kulijua. Na baada ya muda uliowachosha wote, kifua cha fundi kikapanda. Akakohoa. Akakohoa tena.

Alikuwa hai.

Mwanamke akageuka, akamwangukia shemeji yake magotini, pale alipokuwa ameketi ameegemea gogo. "Shemeji, nimekutukana mbele za watu. Nimesema mambo yasiyosemeka."

Naye akamwambia nini? Meno yanagongana, akamwambia, "Inuka, shemeji. Yote uliyokuwa unaniambia nilikuwa najiambia mwenyewe. Miguu yangu ilitaka kuruka kabla yako. Kumzuia mzee ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kujizuia mimi."

Wazazi, walimu, wauguzi, neno hilo lichukueni, mrudi nalo nyumbani. Tunamwona mtu amesimama, tunadhani hana moyo. Kumbe moyo wake ndio huo anaoushikilia kwa mikono miwili. Mara ngapi tumemwita baridi mtu aliyekuwa anawaka ndani? Kuna mama humu aliyekataa kumkimbiza mtoto kwa mganga aliyesifiwa na jirani, akangoja majibu ya hospitali, na ukoo wote ukamnunia. Kuna baba aliyesema, "Hii ndoa tuichunguze kwanza," akaambiwa hampendi binti yake. Tuwaombe radhi watu hawa. Walikuwa wanashusha taa.

Na tusimcheke mzee, wala tusimcheke yule mke. Kilichowasukuma kilikuwa upendo, na kwa mzee kilikuwa pia majuto. Mungu hatawakasirikia kwa kupenda. Lakini upendo wa mzee ulikuwa umebakiza kidogo tu ulete maiti uwanjani, siku mbili kabla ya harusi ya bintiye. Kupenda ni jambo moja, na kutazama unapokanyaga ni jambo la pili, na aliye shimoni anatuhitaji tuwe na yote mawili.

Laiti mfano ungeishia hapo, tungekwenda nyumbani tumeridhika. Tungesema somo la leo ni subira, tukalisifu, tukalisahau kwenye kituo cha basi. Lakini haukuishia hapo.

Fundi alipofumbua macho hakujua yuko wapi. Aliangalia mawingu, akaangalia kanga ya mkewe. Akamwangalia mdogo wake kwa muda mrefu. Kisha macho yakaanza kutafuta, yanapita watu mmoja mmoja, mpaka yakamkuta mzee mwenye harusi. Mzee alikuwa amesimama kando, kifua wazi, ana udongo mpaka kwenye ndevu, mapipa yake yote ni matupu. Midomo ya fundi ikawa inatikisika. Watu wakainama wasikie. Walitegemea atamlaani. Walitegemea atasema, "Ulinicheka taa yangu."

Fundi akasema, "Mzee, nisamehe. Nimekuchelewesha."

Ndugu zangu, sikieni hilo. Mtu ametoka kaburini. Pumzi bado haijarudi yote kifuani. Na neno la kwanza analolipata ulimwenguni ni kuomba radhi kwa kuchelewa.

Mzee alikaa palepale chini kwenye tope. Harusi ilifungwa, kama mnataka kujua. Maji yalinunuliwa tena, punda akaja tena na dharau zake, wageni wakala jua likiwa limeshapoa, na hakuna aliyedhurika kwa kula akiwa amechelewa. Hata maji ya kisima yalikuja baadaye, katika wiki yake. Lakini nadhani mzee alilala na lile neno la fundi, akaamka nalo.

Sasa tuache ya kisima, tuzungumze sisi.

Nani nyumbani kwako anakuomba radhi kwa kuchelewa, naye pumzi hana? Yule binti anayewasaidia kazi, aliyeamka kabla yenu wote na atalala baada yenu, unapomwambia, "Bado tu?" anajibuje? "Nisamehe, mama." Je, umewahi kumuuliza kama alikula? Yule mtoto wa darasa la tatu anayesoma neno herufi kwa herufi, kidole kwenye mstari, wewe umesimama nyuma yake unagonga mguu sakafuni. Nimewaona watoto hao maisha yangu yote. Hawakosi akili. Wanasikia mguu unagonga, herufi zote zinakimbia. Akikosea anakugeukia, na macho yake yanasema lilelile la fundi: nisamehe, nimekuchelewesha. Mke anayetoka kujifungua, tunamuuliza atarudi shambani lini. Aliyefiwa, tunamwambia sasa basi, jikaze, maisha yaendelee, kana kwamba huzuni nayo ina saa ya kufunga ofisi.

Hatuwasukumi kwa ubaya. Tunawasukuma kwa utani, kwa kubembeleza, kwa "nakuomba, fundi wangu." Tunacheka kidogo taa yao. Nao kwa sababu wanatupenda, au wanatuogopa, au wanataka tu kutufurahisha, wanaiweka taa juu ya jiwe na kushuka. Wakianguka, sisi tunakuwa wa kwanza kukimbia, tunalia kwa sauti kubwa kuliko wote, na tunamtafuta mtu wa kumwita mwoga.

Siwaambii mwache kazi zilale. Fundi alikuwa na kazi, na kazi ilikuwa ya kumalizwa. Nawaambia jambo dogo, la leo hii. Ukifika nyumbani, kabla hujafungua mdomo kusema "fanya upesi," mtazame huyo unayetaka kumwambia. Mtazame usoni kama anavyotazamwa mtu, uone kama anapumua. Kama ana taa yake anayotaka kuishusha kwanza, hata kama wewe huoni maana yake, hata kama jua linawaka, mwache aishushe. Ikiwezekana, mkingie upepo, kiberiti kiwake.

Na wewe uliyekuja hapa leo umechoka, unayeomba watu radhi tangu Jumatatu, hukuja mahali pa kuulizwa kwa nini umechelewa. Kaa. Vuta pumzi. Mungu tunayemwabudu hajasimama nyuma yako anagonga mguu.

Sasa tutaomba kwa kusimama. Naona bibi zetu wenye maumivu ya magoti ndio kwanza wanashika mgongo wa benchi la mbele wainuke. Tuwangoje.